Damu ya Mtu na Ndorobo wa Katavi

Yuko mdudu mmoja ambaye mtu wa Katavi hahitaji kuelezwa habari zake. Huyo ni ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o. Atokaye Mpanda mjini akashika njia ya kusini kwenda Sitalike, ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hukutana naye kabla safari haijawa ndefu: huingia garini, akajibanza chini ya kiti, kisha akauma hata juu ya shati. Mrina asali wa miombo anamjua, na mchungaji aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Usukuma anamjua zaidi, maana amepoteza mifugo kwa sababu yake.

Lakini katika kuuma kwake mna fumbo, nalo ni kubwa. Ndorobo yule yule, mwenye vidudu vile vile ndani yake, humwuma ng'ombe, kisha humwuma na mchungaji wa ng'ombe huyo. Ng'ombe hushikwa na nagana, akakonda, manyoya yakasimama, mwisho akafa. Mchungaji hujikuna, akaenda zake. Kwa nini iwe hivyo? Ngozi ya ng'ombe ni nene kuliko ya mtu, na nguvu zake ni nyingi kuliko za mtu. Jibu halimo katika ngozi wala katika nguvu, bali limo ndani ya damu. Nalo ndilo linalowafanya wataalamu wa tiba wa zama zetu wajaribu kutengeneza dawa kwa kuuiga mwili wa binadamu wenyewe. Mwezi huu twataka kulieleza jambo hili kwa kadiri nafasi yetu inavyoruhusu.

Kwanza yafaa tuseme kwamba si kila mara mchungaji hujikuna akaenda zake. Vidudu vya jamii hii huitwa tripanosoma, na vingi kati yake haviwezi kumdhuru mtu. Lakini iko aina moja, iliyopewa jina la rhodesiense mwaka 1910, baada ya kuonekana katika damu ya mtu aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, katika nchi iitwayo leo Zambia. Aina hii huingia katika damu ya mtu ikakaa, kisha hupenya hata ubongoni, nayo ndiyo iletayo malale ya upande wetu wa Afrika. Ukiitazama kwa darubini huwezi kuitofautisha na nduguye aitwaye brucei, ambaye humshika ng'ombe, mbwa na farasi, lakini mtu hamwezi. Ndugu wawili wa sura moja: mmoja akiingia katika damu yetu hufa, na mwingine akiingia hustawi.

Nchi za magharibi ya Tanganyika ziliujua ugonjwa huu vyema. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwaondoa watu wengi katika vijiji vyao vilivyotawanyika porini, ikawakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa miti, ili ndorobo akose kivuli cha kupumzikia. Wako waliopona kwa hatua hiyo. Wako pia waliopoteza mashamba, mizinga, na makaburi ya wazee wao, na pori likarudi pale palipokuwa na watu. Mtu akitazama leo ramani ya Katavi akastaajabu kwa nini nchi pana namna hii ilikaa tupu, na kwa nini wanyama wakapata nafasi hata ikawa hifadhi mwaka 1974, asisahau kumhesabu ndorobo miongoni mwa sababu. Wilaya ya Mpanda, pamoja na Urambo, Kasulu na Kibondo, ilitajwa kwa miaka mingi katika orodha za mahali penye malale.

Basi turudi kwenye fumbo letu. Mwaka 1902, mjini Paris, mabwana wawili, Alphonse Laveran na Félix Mesnil, waliwachukua panya waliotiwa vidudu vya nagana, wakawadunga majimaji ya damu ya mtu. Vidudu vikatoweka katika damu ya panya. Walijaribu majimaji ya damu ya wanyama wengine, wala hayakufanya kazi hiyo. Hapo ikajulikana kwamba damu ya mtu ina kitu kiuacho vidudu hivi. Lakini kitu hicho ni nini, ilichukua miaka mia nzima kukijua.

Kabla hatujakitaja, yafaa msomaji afahamu kwamba mwili wa mtu una silaha za namna nyingi, na si hiyo moja tu. Machozi yetu yana kitu kiitwacho lisozimu, ambacho Alexander Fleming alikitangaza mwaka 1922, miaka sita kabla ya kuigundua penisilini. Hupasua ganda la bakteria. Ziwa la mama lina silaha zake, na jasho lina zake. Miongoni mwa silaha hizi zimo ndogo sana ziitwazo peptidi. Ukitaka kuifahamu peptidi, fikiri ushanga uliotungwa katika uzi mfupi. Kila shanga ni asidi amino, na aina za shanga hizo ni takriban ishirini. Utungo mfupi ni peptidi, na utungo mrefu uliojikunja-kunja ni protini. Ukibadili shanga moja mahali pake, huenda utungo mzima ukabadilika tabia.

Peptidi moja mashuhuri ya mwili wa mtu huitwa LL-37, kwa kuwa ina shanga 37 na mbili za kwanza ni za aina ya lusini. Hupatikana katika chembe nyeupe za damu, katika ngozi, na katika njia za pumzi. Kazi yake ni ya ajabu kwa wepesi wake: ina nguvu za umeme za upande wa chanya, na ngozi ya nje ya bakteria ina za upande wa hasi, kwa hiyo hivyo viwili huvutana, peptidi hulala juu ya ngozi ya adui, ikajichomeka, na ngozi ikatoboka. Chembe zetu wenyewe hazina hasi nyingi upande wa nje, ndiyo maana aghalabu husalimika.

Wataalamu wa chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliichukua LL-37 kuwa kielelezo. Waliona kwamba ndani ya damu na usaha nguvu zake hupungua, basi wakaufupisha utungo, wakabadilishana shanga hizi kwa zile, wakijaribu mmoja baada ya mwingine, hata wakapata utungo wa shanga 24 walioupa jina la SAAP-148. Mwaka 2018 walitangaza kwamba dawa ya kupaka iliyotiwa peptidi hiyo iliua, kwa muda wa saa nne, bakteria sugu waliokuwa juu ya majeraha ya ngozi ya panya, wale wasiosikia tena dawa za kawaida. Hiyo ndiyo maana ya kubuni peptidi kwa kuiga kinga ya mtu. Hapana aliyechuma kitu kutoka mwilini mwa mtu. Kilichochukuliwa ni mpango wa shanga tu, na ushanga wenyewe ukatungwa maabarani.

Peptidi za jamii hii zimejaribiwa pia juu ya tripanosoma, na mwaka 2003 watafiti wa Marekani walieleza kwamba ziliviua vidudu hivyo katika chupa. Lakini kwa malale ya kwetu, silaha iliyo kubwa zaidi si peptidi fupi. Ni protini nzima, utungo mrefu, ambayo mwaka 2003 wataalamu wa Brussels walio pamoja na Bwana Étienne Pays waliitaja kwa jina: apolipoprotini L1. Sisi tutaiita APOL1 kama waiitavyo wao. Hiki ndicho kile kitu cha mwaka 1902.

Jinsi iuavyo ni habari ya kusimuliwa watoto jioni. APOL1 husafiri katika damu ikiwa imepanda juu ya chembe ndogo ya mafuta. Pamoja nayo husafiri protini nyingine iliyoshika wekundu wa damu, yaani himoglobini. Kidudu cha tripanosoma kinautamani sana wekundu huo, maana chenyewe hakiwezi kujitengenezea kiini chake. Kwa hiyo kimeota juu ya mwili wake mlango wa kuupokelea. Kinapoiona ile chembe, hudhani ni chakula, kikaimeza. Chakula chaingia katika tumbo la kidudu, ambamo mna uchachu mkali wa kumeng'enyea. Uchachu huo ndio uiamshao APOL1: hujibadili umbo, ikajichomeka katika kuta na kutoboa matundu. Chumvi yaingia, maji yaifuata, kidudu chavimba kama maharage yaliyolowekwa, kisha chapasuka. Yaani adui ameuawa kwa tamaa yake mwenyewe, kama panya aingiaye mtegoni kwa kufuata dagaa.

Ushahidi kwamba silaha hii ndiyo itulindayo ulipatikana India. Mwaka 2004 mkulima mmoja wa huko alionekana ana tripanosoma ya aina ya evansi katika damu yake, kidudu ambacho ni cha ngamia, farasi na ng'ombe, wala hakikudhaniwa kumshika mtu. Madaktari walipochunguza waliona kwamba mtu huyo alizaliwa bila APOL1 inayofanya kazi; pande zote mbili za urithi wake, wa baba na wa mama, zilikuwa na kasoro. Alitibiwa, akapona. Mtu mmoja huyo alionyesha tungekuwaje sote kama tungeikosa protini hiyo: twingekuwa hatuna tofauti na ng'ombe wetu mbele ya ndorobo.

Sasa twaja kwa yule ndugu wa pili, rhodesiense, ambaye mtego huu haumnasi. Naye pia humeza chambo kile kile. Lakini ana protini yake ya pekee, ambayo wataalamu huiita SRA. Hukaa tayari ndani, na APOL1 ifikapo huikamata mkiani, ikaifunga, isiweze kutoboa kitu. Mwaka 1998, huko huko Brussels, ilionyeshwa kwamba ukiichukua SRA peke yake ukaitia katika brucei, yule ndugu dhaifu, naye huwa hafi tena katika damu ya mtu. Protini moja tu ndiyo itenganishayo nagana na malale.

Hapa hatuna budi kutaja Tinde, karibu na Shinyanga, maana Tanganyika ina sehemu yake katika elimu hii, na sehemu hiyo haikuwa rahisi. Kuanzia mwaka 1934 madaktari wa serikali waliokuwa na maabara hapo waliichukua aina moja ya rhodesiense kutoka kwa mgonjwa, wakawa wanaipitisha kutoka kondoo hata kondoo kwa kuumwa na ndorobo, mwaka baada ya mwaka. Walitaka kujua kama kidudu kikikaa kwa wanyama muda mrefu kitasahau njia ya kumshika mtu. Na namna ya kujua ilikuwa moja: kumwacha ndorobo amwume mtu. Waliojitolea kuumwa, wengi wao Waafrika, walitibiwa baada ya kuambukizwa. Daktari Corson, mmoja wa waliosimamia kazi hiyo, alijiambukiza na yeye mwenyewe. Jibu lililopatikana kwa zaidi ya miaka kumi na tano lilikuwa kwamba kidudu hakisahau. Mwaka 1958, nchini Kenya, damu ya pongo aliyewindwa ilidungwa kwa mtu aliyejitolea, naye akapata malale. Basi ikathibiti kwamba mnyama wa porini huuweka ugonjwa wa mtu. Majina ya wale waliojitolea hayatajwi katika vitabu kama yatajwavyo majina ya madaktari. Sisi twaona ni upungufu.

Tangu mwaka 1970 haikuwa lazima tena mtu aumwe kwa ajili ya jambo hilo. Njia mpya ilibuniwa: kidudu huchanganywa na damu ya mtu katika chupa, kisha panya hudungwa mchanganyiko huo. Panya akiugua, ni rhodesiense. Asipougua, ni brucei. Kwa njia hii, na baadaye kwa kuitafuta SRA yenyewe, ng'ombe na wanyama wa porini wa nchi zetu waliweza kupimwa ili ijulikane yupi amebeba maradhi ya mtu.

Maadamu sasa twajua kufuli liko wapi, je, haiwezekani kuchonga ufunguo? Ndilo swali walilojiuliza wale wa Brussels. SRA huishika APOL1 mkiani. Basi wakakata mkia. Lakini mkia ulipokatwa likazuka tatizo jingine: protini iliyokatwa haikai tena juu ya ile chembe ya mafuta, kwa hiyo haibebwi na chambo, na kidudu hakiimezi. Ilihitaji mchukuzi mwingine. Mchukuzi huyo alitoka kwa ngamia. Ngamia, na jamaa zake kama lama, wana katika damu yao kingamwili ndogo kuliko za wanyama wengine, na kwa udogo wake huweza kupenya mahali pembamba. Wataalamu walichagua kingamwili ya ngamia iwezayo kupenya baina ya manyoya mazito yaliyovikwa kidudu na kushika shina lake, wakaiunga na APOL1 iliyokatwa mkia. Mwaka 2006 walitangaza kwamba panya waliotiwa vidudu visivyosikia damu ya mtu walisafika damu zao kwa dawa hiyo, na wakapona. Silaha ya mtu juu ya mgongo wa ngamia: huo ni ubunifu wa kupendeza.

Njia ya pili ilitoka kwa mnyama ambaye watu wa Katavi hawana hamu naye, kwa sababu ya mahindi yao. Nyani hapatwi na malale hata ya rhodesiense. APOL1 yake ina shanga tofauti karibu na mkia, ambazo SRA haiwezi kuzishika. Mwaka 2009 watafiti wa New York walieleza kwamba walitia mpango wa protini ya nyani katika panya, na panya wakahimili vidudu vya namna zote mbili. Hata APOL1 ya mtu, ikibadilishwa shanga chache zifanane na za nyani, hupata nguvu hiyo. Msomaji asihofu kwamba iko siku atapewa damu ya nyani anywe. Kama tulivyosema juu ya peptidi, kinachochukuliwa ni mpango wa shanga.

Na njia ya tatu ilikuwa imekwisha chongwa na maumbile ndani ya watu wenyewe. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana APOL1 ya namna nyingine. Namna moja, iitwayo G2, imekosa shanga mbili karibu na mkia, na damu ya mwenye namna hiyo huiua rhodesiense. Mwaka 2017 uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watu wa Uganda ulionyesha kwamba wenye G2 hawashikwi kwa wepesi na malale ya rhodesiense kama wenzao. Neema hiyo lakini ina gharama. Aliyerithi namna hizi kutoka kwa baba na kwa mama pia yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuharibikiwa na figo. Na sehemu kubwa ya maradhi ya figo waliyo nayo Wamarekani weusi kuliko Wamarekani weupe imetoka hapo.

Jambo hili la figo ndilo twalotaka msomaji alishike kuliko ngamia na nyani. Protini itoboayo kuta za adui yaweza kutoboa na za mwenyewe. APOL1 ya kawaida imewekewa mipaka: hupanda juu ya mafuta, hungoja uchachu, huamka ndani ya tumbo la kidudu tu. Anayeitengeneza upya ili imshinde rhodesiense, anagusa mipaka hiyo kila akatapo na kila abadilipo. Kadhalika LL-37: ikizidi kiasi, hudhuru na chembe za mtu. Kwa hiyo kazi ya mbuni wa dawa za namna hii si kuongeza makali tu. Sehemu kubwa ya miaka inayopita baina ya panya kupona na mtu kupewa dawa hupita katika kulitafuta lile jambo la pili, yaani usalama.

Yako na mazito mengine ya kawaida zaidi. Protini na peptidi zikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama, basi lazima zidungwe au zipakwe. Kuzitunga ni ghali. Na wagonjwa wa malale ni wachache: katika miaka ya karibuni walioandikwa kuwa na malale ya rhodesiense, nchi zote kwa jumla, hawakuzidi mia mbili kwa mwaka. Twashukuru kwa uchache huo. Lakini mfanyabiashara wa dawa hupiga hesabu, na aliyeko peke yake porini hatokei katika hesabu hiyo. Peptidi za majeraha zina wanunuzi Ulaya. Dawa ya APOL1 ingekuwa na wanunuzi wapi?

Kwa ng'ombe kuna waliofikiri njia nyingine. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi ilikusudia kupata ng'ombe atakayezaliwa akiwa na mpango wa APOL1 ya nyani katika damu yake. Hatua ya kwanza ilikuwa kuijua sanaa ya kumzalisha ndama kutokana na chembe ya mwili wa ng'ombe mwingine, na baadaye alizaliwa ndama dume wa Kiborani kwa sanaa hiyo, akaitwa Tumaini. Yeye hakuwa na protini ya nyani. Alikuwa thibitisho kwamba njia yapitika. Mfugaji wa Mpanda asiuze dawa zake za nagana kwa sababu ya habari hii.

Ama mtu, anatibiwa kwa nini leo? Kwa muda mrefu dawa zilikuwa mbili. Suramini, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1920, hudungwa mshipani wakati ugonjwa haujafika ubongoni. Ukifika ubongoni, hapakuwa na jingine ila melasoproli, dawa ya mwaka 1949 yenye asili ya sumu ya aseniki, ambayo huchoma mshipa kama moto, na takriban mmoja katika kila ishirini waliopewa hufa kwa dawa yenyewe. Kisha ikaja feksinidazoli, vidonge vya kumeza, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba viwe dawa ya kwanza kwa malale ya rhodesiense. Humezwa kila siku kwa siku kumi, nayo lazima iambatane na chakula, maana bila chakula haiingii mwilini vya kutosha. Mgonjwa apatwaye na maradhi hayo katika mwezi wa Ramadhani asije akaihifadhi hadi magharibi kwa kudhani anafanya jema. Ruhusa ya mgonjwa aijua kila mtoto wa chuoni, naye atalipa siku zake akipona.

Lakini vidonge havimfikii asiyejulikana kuwa ni mgonjwa, na hapa ndipo twawasihi watu wa nyumba zilizo karibu na miombo, kutoka Mpanda hadi Inyonga, Mishamo na Mlele, watusikilize. Malale ya rhodesiense si ya polepole kama ile ya Afrika ya magharibi. Huweza kuua kwa muda wa miezi tu. Huanza kwa homa, kichwa kuuma, viungo kuchoka, na pengine uvimbe mwekundu unaouma pale ndorobo alipouma. Kila mtu husema ni malaria. Zamani damu ilitazamwa kwa darubini, na mtazamaji aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kukiona kidudu cha malale kikichezacheza. Siku hizi zahanati nyingi hutumia kile kipimo cha haraka, ambacho hujibu swali moja tu: je, kuna malaria? Kikisema hapana, hakijasema lolote juu ya malale. Na kikisema ndiyo, mtu aweza kuwa na vyote viwili.

Kwa hiyo aliyetoka kurina asali, kuchunga, kuvua katika mito ya hifadhini, au kukata mbao, akashikwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, na amwambie mganga wa zahanati kwa maneno yaliyo wazi kwamba ametoka porini na ameumwa na ndorobo, naye aombe damu yake itazamwe kwa darubini. Vijana wengi huficha kwamba walikuwa hifadhini, kwa kuogopa askari wa wanyama. Mganga si askari. Na mama amwonapo mwanawe asinzia mchana na kukesha usiku, au mume mpole amekuwa mkali asiyejua asemalo, asikimbilie kusema ni mashetani kabla damu haijapimwa.

Nguo ya buluu na nyeusi humvuta ndorobo. Ndiyo maana mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Aendaye porini na avae nguo nzito ya rangi ya khaki au ya udongo, yenye mikono mirefu.

Vile vidonge vya feksinidazoli, tuongeze, ni vya mtu aliyetimiza miaka sita na kufikia uzito wa kilo ishirini. Mtoto aliye chini ya hapo, aliyebebwa mgongoni na mamaye kwenda kuokota kuni, akipatwa na malale bado hutibiwa kwa suramini, na ugonjwa ukiwa umefika ubongoni, kwa melasoproli.